Nusu Sahani ya Manila

Mtu akitaka kuijua nchi ya kigeni, asiridhike na kuyatazama majumba yake makubwa. Na aingie pale ambapo mtu wa fedha kidogo hula chakula chake cha mchana. Jambo hilo nilifundishwa katika mji wa Manila, mji mkuu wa Ufilipino, nchi yenye visiwa zaidi ya 7,000.

Katika mji huo kuna mtaa uitwao Sampaloc. Jina hilo, kwa lugha ya Kitagalog, ni ukwaju. Ndiko kuliko Chuo Kikuu cha Santo Tomas, kilichoanzishwa na mapadre Wadominiko katika mwaka wa 1611. Vijana wengi hutoka mikoa ya mbali kuja kusoma katika vyuo vya mtaa huo, nao hupanga vyumba vidogo, mbali na jiko la mama zao. Basi vichochoro vya huko vimejaa nyumba ndogo za chakula, ambazo wenyeji huziita karinderia.

Saa sita mchana niliingia katika mojawapo. Nilikuta meza nne zilizotandikwa plastiki, viti virefu vya mbao, na mbele yake safu ya sufuria zenye vifuniko. Mama mwenye nyumba alifunua kimoja baada ya kingine ili nitazame. Sikujua jina la chakula hata kimoja, wala haikunidhuru, kwa maana desturi ya mahali hapo ni kuonyesha kwa kidole unachokitaka. Ndiyo sababu nyumba hizi huitwa pia turo-turo, yaani onyesha-onyesha.

Katika sufuria ya kwanza ilikuwamo adobo, nyama iliyopikwa polepole kwa siki, kitunguu saumu, pilipili manga na mchuzi wa soya. Jina lake ni la Kihispania, kwa kuwa Wahispania waliitawala nchi hiyo tangu 1565 hata 1898. Lakini wenyeji walikuwa wakipika kwa siki kabla hawajafika, maana siki huizuia nyama isiharibike upesi katika joto. Katika ya pili ilikuwamo sinigang, mchuzi mchungu wa ukwaju, tunda lile lililoupa mtaa jina lake. Katika ya tatu, tinola: kuku kwa tangawizi, papai bichi na majani ya mlonge. Na kwa kuwa siku ile ilikuwa Ijumaa, kulikuwa pia na choroko, kama ilivyo desturi ya Wafilipino wengi siku isiyoliwa nyama.

Vyote hivyo huliwa kwa wali. Hapo mimi mwalimu wa lugha nilifurahi sana. Mfaransa husema riz, akiwa shambani, sokoni au mezani. Bali Mfilipino, kama sisi, ana maneno matatu: palay ni mpunga, bigas ni mchele, kanin ni wali. Watu wanaokipa chakula majina matatu wanajua jasho lililomo tangu shamba hata sahani.

Nikaonyesha kwa kidole vyakula vitatu, sahani kamili ya kila kimoja. Mama alinitazama kidogo, akapakua, asiseme neno.

Karibu yangu alikuja kijana mwenye mfuko wa vitabu. Alihesabu sarafu zake kiganjani, kisha akasema neno moja: kalahati, maana yake nusu. Mama akampakulia nusu sahani ya choroko na wali wake, kwa nusu ya bei. Halafu, bila kuombwa, akamjazia bakuli la mchuzi wa moto, ambao katika nyumba nyingi za namna hii hautozwi fedha. Kijana akaketi. Alipoinua kijiko alinigeukia mimi, mgeni kabisa, akasema: kain tayo, yaani tule sote. Katika lugha yao kuna «sisi» ya namna mbili: moja humwacha nje yule anayeambiwa, nyingine humwingiza ndani. Tayo ni ile inayomwingiza. Hivyo mwenye nusu sahani alinikaribisha mimi mwenye sahani tatu.

Nami nilishindwa kuzimaliza. Mama aliyafunga mabaki katika mfuko, akanipa nichukue. Hakunikemea, lakini niliona haya.

Watu wakapungua, tukazungumza kwa Kiingereza, ambacho huko hufundishwa shuleni tangu utawala wa Waamerika. Alinieleza shida yake. Katika mwaka wa 2023 bei ya mchele ilipanda mno, hata serikali, tangu tarehe 5 Septemba, ikaweka mpaka wa peso 41 kwa kilo ya mchele wa kawaida na peso 45 kwa ule uliokobolewa vizuri zaidi. Amri hiyo iliondolewa tarehe 4 Oktoba. «Nikipandisha bei ya wali,» alisema, «watoto hawa wataruka chakula. Nisipopandisha, mimi nitafunga mlango.» Alichofanya ni kupunguza faida yake katika nyama, na kuendelea kuuza nusu. Chini ya meza alikuwa na daftari la madeni. Wengine hulipa fedha zinapofika kutoka kwa mzazi anayefanya kazi ng'ambo. Wengine, alisema, hawakurudi.

Nikakumbuka kitabu Noli Me Tángere, alichokitoa José Rizal katika mwaka wa 1887. Humo kuna karamu inayoandaliwa tinola: padre mmoja anapewa shingo na bawa gumu la kuku, hali mgeni mwingine amepata vipande vizuri, na padre anakasirika kwa kuona amevunjiwa heshima. Rizal alijua kwamba kijiko cha mpakuzi chaweza kumheshimu mtu au kumdharau.

Mama yule wa Sampaloc alijua vilevile. Nusu yake haikuwa sadaka. Kijana alinunua, akalipa, akaketi kwa haki yake, wala hakuna aliyegeuka kumtazama. Mwenye njaa hupewa chakula mahali pengi. Ni pachache anapopewa pamoja na heshima yake.

Jioni ile niliufungua ule mfuko chumbani, nikala mabaki yote. Na ninyi, akina baba na akina mama, mnapompakulia mgeni, au mtoto wa jirani anayesoma mbali na kwao, angalieni mkono wenu kabla ya kuangalia sufuria. Yeye atausahau mchuzi, lakini mkono ataukumbuka.