Nilipe Hela Nikamtazame Mwizi?

Mpenzi msomaji, hebu jiulize: mara ya mwisho familia yenu nzima kupanda gari moja ilikuwa lini, na mlikuwa mnakwenda wapi? Mimi wa Kilosa nakujibu bila kufikiri. Tulikuwa tunakwenda kuzika. Au tunarudi kuzika. Mara mojamoja harusi, na hata hiyo harusi mama alishinda jikoni siku tatu, kwa hiyo kwake ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Safari kwetu lazima iwe na sababu: msiba, ugonjwa, mtoto anapelekwa bwenini, mahindi yamekomaa kwa bibi. Ukimwambia mtu "nasafiri" hakuulizi "wapi?" Anakuuliza "kuna nini?"

Na ajabu ni kwamba neno lenyewe ni la kwetu. Wageni walilichukua hili neno safari, wakaondoka nalo, leo kwao maana yake ni kwenda kuangalia wanyama kwa raha zako. Sisi wenye neno tumebaki na majeneza.

Siku moja kwa kinyozi wetu televisheni ilionyesha meli ya kitalii, Icon of the Seas, ile iliyoanza kazi Januari 2024 kutoka Miami kuzunguka visiwa vya Karibi. Meli ya sitaha 20, abiria zaidi ya 7,000. Wala si wahamiaji wala wanajeshi, ni baba, mama na watoto, wamelipa ili wazungushwe baharini wiki nzima, wanakula, wanaoga, halafu wanarudishwa palepale walipopandia. Kinyozi akazima mashine katikati ya kichwa cha mtu. "Palepale? Sasa walikuwa wanakwenda wapi?"

Kibanda kizima tulicheka. Lakini mimi lile swali nililala nalo, kwa sababu mimi mwenzenu naandika riwaya (nipo sura ya tano, wachapaji kaeni mkao wa kula), na nilipopekua madaftari yangu nikakuta hakuna mhusika wangu hata mmoja aliyetoka nyumbani kwake bila kufukuzwa na kitu. Polisi, deni, mapenzi. Wote wanakimbia. Hakuna aliyekwenda tu.

Wazo la kwenda tu lilikuja na dada. Yeye anauza duka Dar, Kariakoo, na Nane Nane ya mwaka 2025 iliangukia Ijumaa. Akaona siku tatu za bure hizo. Akapanda treni ya umeme na wanawe wawili, Alhamisi usiku akashuka Kilosa, mshiko upo kwenye mkoba, hata maji hajanywa akatangaza: keshokutwa familia nzima tunakwenda Mikumi. Hifadhini. Kuangalia wanyama.

Baba ni mwalimu mstaafu. Alisema "sawa," kama anavyosema kwa kila jambo siku hizi.

Mama aliweka chini ungo. "Nilipe hela nikamtazame mwizi?"

Hapo inabidi nieleze. Mama kazaliwa kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Mikumi, na mji huo uko wilaya yetu hii hii ya Kilosa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ikapanuliwa 1975, ina kilometa za mraba 3,230. Kwenye ramani ina mpaka. Lakini mahindi yakianza kubeba, tembo hafuati ramani. Anakuja usiku, na wenzake, na kwa usiku mmoja ekari mbili alizozilima babu na wanawe tangu Novemba zinakuwa kama zimefagiliwa. Ndiyo maana watu wa kule hulala shambani, juu ya dungu, na moto na debe la kupiga. Hayo tuliyajua tangu utotoni, mama alitusimulia kama hadithi nyingine za njaa. Kwa hiyo tulidhani "mwizi" ni mwizi wa mahindi, basi.

Na wanyama wenyewe, kusema kweli, nani Kilosa hajawaona? Barabara kuu ya kwenda Zambia inakata katikati ya hifadhi kiasi cha kilometa 50. Basi linapunguza mwendo, abiria wote wanahamia dirisha la upande mmoja, twiga huyo, nyati wale, bure kabisa. Baba aliwahi kuona nyati wengi sana mwaka aliokwenda Iringa. Kuzika, bila shaka.

Ubishi wa nyumbani ulikuwa wa mabati. Mama alitaka hela ile iende kwenye paa la nyuma linalovuja, na mimi kimoyomoyo nilikuwa upande wa paa, maana ndoo ya kukinga maji huwa inawekwa chumbani kwangu. Dada akasema mabati yapo tu, hayatakimbia. Wakavutana mpaka Ijumaa usiku. Ndipo yule mpwa wangu wa miaka minane akauliza, kwa adabu zake za Dar, "Bibi, kwani wewe ulishawahi kumwona tembo?"

Mama alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia.

"Nimemsikia," akasema. Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza kuvaa.

Tulikodi Noah ya kijana wa mtaa. Tukapakia hotpoti la pilau, ndoo ya maji, mkeka, mama na khanga zake mbili, baba na koti. Sasa jirani yetu akafungua mlango, akaona familia nzima inaingia garini saa kumi na moja asubuhi, na hotpoti. Akaja mbio huku anafunga kitenge. "Jamani, sikupata habari. Poleni. Nani tena?" Na kabla hatujajibu ameshamtia mama mkononi noti ya elfu tano.

Ningependa kukuambia mama alieleza. Hakueleza. Ungeanzaje? Alifungua mdomo, akafunga, akasema "Tumeshapoa, mama mwenzangu," akafundika noti kwenye pindo la khanga. Dada alicheka mpaka Ulaya.

Ndiyo, Ulaya. Wilayani kwetu ipo kata ya Ulaya, njiani kwenda Mikumi, na hakuna viza. Ukitaka kumkomesha mtu wa Dar anayejidai, mwambie wewe Ulaya unapita na baiskeli.

Vumbi la Agosti tulilila la kutosha. Mikumi mjini tukanywa supu na chapati, tukashika barabara kuu kama tunaelekea Morogoro mpaka langoni. Mambo ya langoni nisikuchoshe. Raia tunalipa kwa shilingi, na unalipia kwa simu, si kwa noti. Mama aliisoma risiti mara mbili, akaikunja, akaiweka pamoja na ile rambirambi. Tukapewa askari wa hifadhi wa kutuongoza, kijana mpole, akabanana na mimi siti ya nyuma.

Bwana wee, nilikuwa nimejiandaa kudharau. Mtu ambaye ameshamwona twiga kwenye dirisha la basi anajiona anamjua. Lakini kwenye basi unamwona twiga kama unavyomwona mtu stendi, anapita, unapita. Kule ndani gari linasimama. Unamwona anavyotafuna. Unamwona anakusubiri uondoke. Pale tambarare ya Mkata nyasi zimekauka rangi ya chai ya maziwa, swala mamia, pundamilia, nyumbu, na kila kundi linajua ulipo. Watoto walipiga kelele mpaka wakachoka. Wa kushangaza alikuwa baba. Baba ambaye siku hizi anaongea kama maneno yanauzwa, aligeuka mwalimu tena. "Nani ataniambia tofauti ya swala dume na jike?" Sisi watu wazima tukanyoosha mikono.

Bwawani kwenye viboko tukashuka, tukanyoosha miguu. Pilau tukalila kivulini.

Tembo tuliwakuta baadaye, kama saa tisa hivi. Kumi na mmoja, pamoja na watoto wawili, wanavuka taratibu. Wa mbele alikuwa jike kubwa, sikio moja limechanika.

"Zima gari," mama akasema.

Dereva akamtazama askari, askari akaitikia kwa kichwa. Gari likazimwa. Unasikia tu nyasi zinang'olewa, hivi: kwachu, kwachu.

"Ilikuwa zamu yangu," mama akasema.

Hakuwa anaongea na sisi hasa. Alisimulia akiwa ametazama nje, kwa sauti ya kawaida, kama anaagiza chumvi. Mei 1987. Wakati wa kulinda shamba, yeye na mdogo wake wa kiume wakipokezana. Siku hiyo yeye alishikwa na homa. Mdogo wake, miaka kumi na minane, akamwambia, lala dada, leo nakwenda mimi. Usiku akasikia debe. Debe likapigwa, likapigwa, halafu likanyamaza. "Nikasema, kawafukuza. Nikalala vizuri."

Asubuhi walikuta dungu limeanguka.

Sisi mjomba huyu tulimjua kwa neno moja tu, "ajali". Alikufa kwa ajali. Nilikuwa naamini ni ya gari. Dada pia, nilimwona uso. Baba peke yake ndiye hakushtuka, alikuwa ameshika koti lake magotini na anatazama upande wa pili, nikajua huyu amekaa na hili jambo miaka yote ya ndoa yao.

Askari alivua kofia. "Pole sana, mama." Kisha, nadhani kwa kukosa la kusema, akaeleza kwamba siku hizi kuna utaratibu, kanuni zilitoka mwaka 2011: aliyeliwa mazao anapata kifuta jasho, aliyefiwa kifuta machozi. Mama akamwambia, "Mwanangu, hayo machozi yalishakauka," bila ubaya wowote. Wakaingia kwenye maongezi ya watu wanaojua kazi. Pilipili bado mnafunga kwenye kamba? Na mizinga ya nyuki, inasaidia au ni maneno? Mwaka huu wamevuka lini? Mama alikuwa anamuuliza kama mkulima anavyomuuliza bwana shamba.

Kijana akasema na tembo nao walipukutika. Hesabu ya mwaka 2009, ukijumlisha eneo zima la Selous na Mikumi, ilikuta karibu 39,000. Mwaka 2013 wakahesabu tena, kama 13,000. Majangili. Meno.

"Kwa hiyo hawa ndio waliobaki."

"Ndiyo, mama. Hawa na watoto wao."

"Yule wa mbele, mwenye sikio. Ana miaka mingapi?"

Askari akakadiria. Tembo jike anaweza kufika hata sitini. Yule labda hamsini, labda na zaidi.

Mama alihesabu kwa vidole. Nilimwona. "Basi 1987 alikuwepo."

Hakuna aliyejibu. Yule mtoto wa dada akasogea dirishani, akanong'ona, "Bibi, ndiye huyo?"

"Ilikuwa usiku, mjukuu wangu," mama akasema.

Tulikaa pale muda mrefu. Watoto waliuliza kama tunaondoka, dereva alitazama saa yake, na mama hakusogea mpaka tembo wa mwisho alipozama kwenye vichaka. Hakulia. Mimi ningeandika riwaya ningemliza, na ningekuwa nimeharibu.

Wakati wa kurudi aliomba tusimame Mikumi mjini. Akafundua lile pindo, akanunua vitunguu vya elfu tano, vizuri, vikavu. Jumapili asubuhi akampelekea jirani nusu. Nilikuwa uani, nikamsikia yule mama anauliza, "Mmezika salama?"

"Tumezika," mama akasema.

Nilimuuliza kama naweza kuandika. Akafikiri, akasema andika, lakini jina lake usiliweke kwenye magazeti yenu. Kwa hiyo sikuliweka. Dada alirudi Dar na treni ya jioni, na sasa anapiga simu kila wiki kwamba mwakani twende Zanzibar, tupande boti, tule pweza. Baba amesema sawa. Mama anasema kwanza mabati.