Mgeni na Jembe Lake: Maisha ya Mwalimu wa Kiingereza Uchina

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutajwa kwa mzaha, mwenyeji anapomkumbusha mgeni kwamba ukarimu una mpaka wake. Hata hivyo, wapo wageni ambao hawapewi hata hizo siku mbili. Hao hualikwa kwa sababu ya jembe walilo nalo, na jembe lenyewe ni lugha. Mmojawapo ni mwalimu wa Kiingereza anayesafiri hadi Uchina kufundisha. Wachina humwita waijiao. Wai ni nje, na jiao ni kufundisha. Jina hilo lamweleza vyema: kazi yake i ndani ya darasa, ilhali yeye mwenyewe ni wa nje.

Haja ya mwalimu huyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 2001, Wizara ya Elimu ya Uchina iliagiza kwamba Kiingereza kifundishwe kuanzia darasa la tatu la shule za msingi. Katika gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanywa kila mwezi wa Juni, somo hili lilikuja kubeba alama 150 kati ya 750 katika mikoa mingi, sawa na hisabati na Kichina chenyewe. Mzazi aliyemtakia mwanawe mema hangeweza kulipuuza. Ndipo milango ikafunguliwa kwa wageni.

Miongoni mwa walioingia kupitia mlango huo alikuwa mwalimu mmoja wa kike, mzaliwa wa Kisii, aliyefika katika mji mmoja wa mkoa wa Hunan mwaka 2015. Alikuwa na shahada ya ualimu kutoka Kenya na tajriba ya miaka mitatu darasani. Kwake, Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya Ekegusii na Kiswahili. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani ndilo lililokuja kuamua hatima yake.

Siku zake za mwanzo zilikuwa za karatasi: kupimwa afya, kujiandikisha katika kituo cha polisi, kuomba kibali cha kuishi. Shule ilimpa nyumba ndogo ndani ya ua wake, pamoja na jina la Kichina ambalo alijifunza kuliandika kwa shida kama mtoto wa chekechea. Tarehe 10 Septemba, kabla hata hajajua njia ya kwenda sokoni, wanafunzi walimletea maua. Ilikuwa Siku ya Walimu, ambayo Uchina imeiadhimisha tangu 1985. Mwalimu aliyezoea kutoka nchi ambako mwenzake hukumbukwa zaidi wakati wa mgomo alishangaa, akafurahi.

Ratiba yake ilikuwa na vipindi kumi na sita kwa juma, kila kimoja katika darasa tofauti la wanafunzi wapatao hamsini na watano. Kwa hesabu hiyo, alikutana na vijana karibu mia tisa, kila mmoja kwa dakika arubaini tu katika juma zima. Kuyakariri majina yao kulikuwa muhali. Isitoshe, alama 150 za gaokao zilitokana na kusoma, kusikiliza na kuandika, wala si kuzungumza, ilhali kuzungumza ndiko alikoajiriwa kufundisha. Wanafunzi waliofika darasani kabla ya saa moja asubuhi na kutoka saa nne usiku walikiona kipindi chake kuwa mapumziko. Wengine walifanya hesabu chini ya dawati. Wengine walilala, na walimu wenzake wakamsihi asiwaamshe. Hakuwalaumu. Yeye pia aliwahi kuwa mtahiniwa, katika nchi ambayo mtihani mmoja huweza kumwinua mtoto au kumzika.

Mchana shule nzima ilinyamaza. Walimu waliinamisha vichwa juu ya meza za afisi wakalala, kisha kengele ikalia na kazi ikaendelea. Walikunywa maji ya moto mwaka mzima, hata katika joto la Julai. Kwenye maakuli, pilipili ya Hunan ilimtoa machozi kwa mwezi mzima kabla ya ulimi kuizoea. Alichokikosa ni ugali na sukuma. Alichokipata, katika mkahawa wa mtu aliyetoka kaskazini, ni uji wa nafaka ndogo za manjano uliomkumbusha asubuhi za kwao. Majira ya baridi ndiyo yaliyomtesa. Serikali hupasha joto majumba ya kaskazini kwa mabomba, lakini Hunan iko kusini mwa mto Yangtze, nje ya mpango huo. Alifundisha akiwa amevaa koti na glavu, chaki ikimponyoka vidoleni.

Barabarani alitazamwa. Watoto walimnyooshea kidole, wazee waliomba kupiga naye picha, na wachache walizipiga bila kuomba. Dereva wa teksi alimwuliza, "Feizhou?" yaani Afrika, kabla ya kumwuliza aendako. Mwanzoni swali hilo lilimchoma. Baadaye, Kichina chake kilipotengemaa, alianza kulijibu kwa maelezo, na safari zikawa fupi. Mwaka Mpya wa Kichina ulipowadia mnamo Februari 2016 na shule ikabaki tupu, mwalimu mwenzake alimchukua hadi kijijini kwao. Huko alikuta kikongwe akilea wajukuu watatu ambao wazazi wao walifanya kazi katika viwanda vya Guangdong na kurejea mara moja kwa mwaka. Kikongwe huyo alimshika nywele zilizosukwa, akacheka, akampakulia nyama tena na tena bila kumsikiliza akikataa. Hapo mgeni aliona kijiji alichokijua. Kwao pia kuna bibi wanaolea wajukuu huku mama zao wakitafuta riziki Nairobi.

Lakini hazina yake kubwa kama mwalimu ilijitokeza katika makosa ya wanafunzi. Kijana akisimulia habari za mama yake, angetumia kiwakilishi cha mwanamume. Wageni wengine walilisahihisha kosa hilo mara mia bila kujua chimbuko lake. Yeye alilijua. Katika mazungumzo, Kichina kina neno moja tu, ta, kwa mume na mke, sawa na "yeye" ya Kiswahili. Aliwaambia wanafunzi kwamba hata yeye alipokuwa msichana shuleni alilikosea, akawaonyesha alivyojifunza kutulia kidogo kabla ya kutamka. Vivyo hivyo kwa irabu walizozipachika mwishoni mwa maneno. Mtu ambaye lugha yake imelifanya neno la Kiarabu kitab kuwa kitabu hawezi kuwacheka. Vitenzi vya Kichina havibadiliki kwa wakati, na hilo nalo alilieleza kwa kulinganisha. Aliyezaliwa ndani ya nyumba hukumbuka vyumba vyake, ila aghalabu hakumbuki alikopita kuingia. Yeye aliingia kwa mlango, tena kwa kubisha.

Mnamo Aprili 2017, Uchina ilianza kutumia nchini kote utaratibu mmoja wa vibali vya kazi, unaowagawa wageni katika madaraja ya A, B na C. Walimu wa lugha walitakiwa, kimsingi, wawe wakifundisha lugha yao ya mama na wawe wamepata shahada katika nchi ya lugha hiyo. Shabaha yake haikuwa mbovu. Kulikuwa na matapeli wengi waliofundisha kwa vyeti bandia, na waliokuja na viza za masomo au za utalii. Sheria ya mwaka 2012 tayari ilikuwa imeweka faini ya kati ya yuani 5,000 na 20,000 kwa anayefanya kazi bila idhini. Hata hivyo, chujio lililotengenezwa kuwazuia matapeli liliwazuia pia walimu. Kenya haikuhesabiwa kuwa nchi ya wazawa wa Kiingereza, hata kama Kiingereza ni lugha yake rasmi na ndicho alichosomea tangu darasa la nne hadi chuo kikuu.

Wakala mmoja alimshauri atafute cheti kutoka nchi nyingine, akamtajia na bei. Alikataa. Mkuu wa shule aliandika barua ya kumsifu na kuituma afisi husika, lakini ombi likarudishwa. Mwishoni mwa muhula, mwezi wa Julai 2018, alifunga virago. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana mwenye pasipoti iliyokubalika, ambaye hakuwahi kusomea ualimu. Hakuwa mtu mbaya, wala si yeye aliyeitunga kanuni. Mwalimu alimwachia daftari alimoorodhesha makosa ya wanafunzi kwa miaka mitatu, na kando ya kila kosa sababu yake.

Ni rahisi kwa msomaji wa Afrika Mashariki kulaani kisa hiki kisha akafunga ukurasa. Lakini kabla ya kufanya hivyo, ajiulize: swali la "Mswahili ni nani?" limetumia wino kiasi gani katika taaluma ya Kiswahili? Ni mara ngapi mwalimu kutoka bara, awe Mgusii, Mluhya au Mkamba, ameambiwa kwamba Kiswahili chake ni cha vitabuni, na kwamba wenye lugha wako pwani? Hoja ni ile ile ya afisi ya Hunan, ila haina mhuri. Umahiri wa mtu unapimwa kwa alikozaliwa, si kwa anachokijua wala kwa anavyokifundisha.

Na Uchina yenyewe ina ushahidi wa kinyume. Kiswahili kilianza kufundishwa Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Redio Peking ikaanza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1961. Tangu wakati huo vizazi kadhaa vya Wachina wamekifundisha, wamekitangaza na wamekifasiri. Hawakukinyonya katika maziwa ya mama. Walikijifunza kwa jasho, na wasikilizaji wa Kenya na Tanzania waliwapokea kwa furaha, bila kuwaomba cheti cha kuzaliwa Lamu au Unguja.

Uzawa ni bahati, na bahati haidharauliwi. Wazawa ni hazina ya msamiati, ya lafudhi na ya ladha ambayo mgeni huitafuta maisha yake yote. Lakini ualimu ni kazi ya mikono na akili, na mtu huufuzu kwa kuufanya. Taifa linalotaka Kiswahili kifundishwe duniani kote halina budi kuamua mapema litawatuma walimu wa namna gani na litawapima kwa kipimo kipi. Kama kipimo hicho kitakuwa kijiji cha mtu, basi bin­ti huyo wa Kisii atakuwa amekataliwa mara mbili: kwa Kiingereza huko ugenini, na kwa Kiswahili nyumbani kwao.