Ramani Isiyokuwa na Mafiga

Ramani yangu ya kwanza ilikuwa ya ukumbi: kuta za matofali, paa la bati, jukwaa dogo mbele. Niliichorea Mikumi, nikaibeba kwa barabara ya kijiji cha Ulaya hadi Kilosa, kwenye kijiji cha Wamaasai Waparakuyo walioomba nyumba ya kina mama kufundishia mabinti. Nikaitandaza chini. Koko mmoja, yaani bibi, akaitazama sana.

"Moto unakaa wapi, mwanangu?"

Sikuwa nimeuweka. Kwangu moto ulikuwa wa kupikia tu, na jiko ningelijenga nje. Akaniingiza kwenye nyumba yake, enkaji, akatwaa kibuyu cha maziwa, akatia kijinga chenye makaa, akasugua mpaka moshi ukafurika mdomoni. Ndivyo kibuyu kinavyosafishwa, maziwa yasiharibike upesi na yapate ladha yake. Sharti ujue mti upi unafaa, usugue kiasi gani, majivu uyatoeje. Binti huyajua hayo akikaa ubavuni mwa mama. Jukwaa nikalifuta, mafiga yakaingia katikati, na chini ya kilele cha paa nikaacha upenyo wa moshi.

Mlango nao ukawa wa kupinda kona, kama wa enkaji. Yapo maneno ya uzazi yasiyosemwa mpita njia akisikia.

Lililonitesa zaidi ni kuta. Kwa Waparakuyo, kama kwa Wamaasai wengine, mjenzi wa nyumba ni mwanamke: hukata fito, huzisuka, hukandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Mimi nilikuja kuwajengea wajenzi, tena kwa tofali na saruji ambazo zingewalazimu kumwita fundi wa mjini kila ufa ukitokea. Ningewanyang'anya elimu ileile niliyotumwa kuitunzia nyumba.

Tukagawana kazi. Udongo mweusi wa mbuga ya Mkata huvimba masika na kupasuka kiangazi, na mafuriko ya mto Mkondoa ya 2009 kuingia 2010 hayajasahaulika. Kwa hiyo mwinuko, msingi, nguzo na paa vikawa vyangu. Kuta zote zao. Baraza tukaiweka mashariki, alasiri iwe na kivuli na mwanga wa kutosha kutenganisha rangi za shanga mabinti wakizitunga.

Siku ya kukandika nilikaa pembeni, futi mfukoni. Binti mmoja alibandika udongo mnene mno. Mama yake akaukwangua wote, akamrudishia kiganjani, akamshika mkono, wakaanza tena kutoka chini.