Gramu 40 za Uchungu



Kwetu Kilimanjaro mbege haikamiliki bila msesewa, gome la mti linalokipa kinywaji uchungu wake. Bibi yangu hakuwa na mizani. Alitia msesewa kwa kiganja, akaonja, akanyamaza, kisha akaonja tena.

Nilimkumbuka nilipokuwa masomoni Ujerumani, huko Bavaria. Katika parokia niliyosaidia siku za Jumapili, mzee mmoja mjane alinialika tupike bia kwenye banda lake la gari. Kwao uchungu hautoki kwenye gome, unatoka kwenye maua ya hopsi, mmea unaopanda juu ya nyaya ndefu katika mashamba ya Hallertau, kaskazini mwa Munich. Tuliloweka kimea cha shayiri katika maji ya moto, tukachuja, tukapata maji matamu yanayofanana na togwa. Kisha tukayachemsha na hopsi kwa saa nzima. Lazima yachemke sana, maana hopsi haitoi uchungu wake mpaka ikae motoni muda mrefu. Ukiitia dakika za mwisho utapata harufu tu. Uchungu huo husawazisha utamu wa kimea na kuzuia bakteria wanaoharibu bia.

Mara ya tatu mzee aliniachia sufuria. Tulizoea aina iitwayo Hallertauer Tradition, gramu 40 kwa lita 20. Siku hiyo nilitaka kujaribu aina ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuitumia. Inaitwa Polaris, na ilitolewa mwaka 2012 na kituo cha utafiti wa hopsi cha Hüll. Jina ndilo lililonivuta: ni lile la nyota ya kaskazini, ambayo sisi wa kusini ya Ikweta hatuioni. Nilipofungua pakiti ikatoka harufu ya ubaridi, kama mnanaa. Nikapima gramu 40, kama kawaida.

Baada ya wiki tano tulifungua chupa ya kwanza. Mzee alikunywa funda moja, akaiweka bilauri mezani taratibu. Ilikuwa shubiri. Akavaa miwani, akaichukua pakiti na kunionyesha namba ndogo ambayo sikuisoma: asidi za uchungu, asilimia 20. Ile tuliyoizoea ina asilimia 6 hivi. Gramu 12 zingetosha.

"Padre," akasema, "ulipima vizuri. Hukuuliza tu ulikuwa unapima nini."

Nilicheka naye, lakini usiku ule usingizi haukuja. Mwezi mmoja kabla, frateri mmoja wa nyumbani aliniandikia akinifungulia mashaka juu ya wito wake. Nilimjibu kama gombera wangu alivyokuwa akinijibu mimi, bila kuzunguka. Maneno yote yalikuwa ya kweli, na mimi maneno ya namna hiyo yalinijenga. Yeye hakuniandikia tena.

Mtakatifu Hildegard wa Bingen, abesi wa karne ya 12 na Mwalimu wa Kanisa, aliandika kwamba uchungu wa hopsi huzuia vinywaji visiharibike. Aliandika pia kwamba hopsi humzidishia mtu huzuni. Sisi mapadre, walezi na wazazi tunaipenda ile hoja ya kwanza. Tunasema ukweli ni mchungu, tunamimina, tunaondoka. Ya pili anabaki nayo aliyenyweshwa.

Asubuhi nilimpigia simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Padre, begi langu liko mlangoni." Sikuyakana niliyoyaandika, maana yalikuwa kweli. Nilimwomba radhi kwa kipimo. Nilimpa kijana wa miaka 22, aliyekuwa peke yake na mashaka yake, dozi niliyopewa mimi nikiwa mtu mzima mwenye marafiki wa kuniinua. Tukakubaliana kuongea kila Alhamisi.

Mwaka ulipoisha aliacha seminari. Lakini aliondoka mchana, ameaga, na gombera wake amembariki. Leo ni mwalimu, anaimba kwaya parokiani kwao, na bado hunipigia simu.

Bia ile hatukuimwaga. Tuliichanganya na soda ya limau, nusu kwa nusu, kama wafanyavyo watu wa Bavaria, na bado ilitukunja nyuso. Safari iliyofuata nilitia Polaris gramu 12. Uchungu ulikuwepo, ila ulipita kooni bila kung'ang'ania, na mzee aliomba bilauri ya pili.

Sasa nimerudi nyumbani, ni mlezi. Frateri anapogonga mlango wangu kwa jambo linalotaka onyo, najitahidi kwanza kumsikiliza hadi mwisho, ninyamaze, kisha nimuulize tena. Bibi alifanya hivyo kwa chungu cha mbege tu, na kilichokaa mbele yangu ni mtu.