Kichuguu cha Kinsevere na majumba ya ajabu



Mwezi wa kumi jua la Katanga halichezi. Siku ile nilitoka Lubumbashi pamoja na mtoto wangu wa kwanza, tukaenda Kinsevere, kilomita yapata 30 kaskazini ya mji. Jamaa nyingi zinafahamu jina hilo kwa sababu ya shaba, maana machimbo ya kampuni MMG yako huko tangu 2012. Lakini sisi hatukwenda kutafuta kazi. Tulienda kutafuta matofali.

Mtoto wangu amepata parselle, na mwaka kesho anataka kuoa. Feza yake si nyingi. Akiinunulia yote bloki za simenti, mabati na milango vitangojea, na bibi arusi naye atangojea.

Mzee mmoja mwenye kufyatua matofali alitupeleka karibu na kichuguu kikubwa kama kilima. Nusu yake ilikuwa imekwisha kukatwa kwa jembe. Mtoto akaniambia kwa sauti ya chini:

"Papa, ile bulongo ni ya bamasikini. Miye nataka bloki."

Mzee alisikia. Hakukasirika, alicheka tu. "Mwanangu, hii bulongo ilikuwa hapa mbele ya babu wa babu yako."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Vichuguu vya kwetu vinaweza kufika mita 8 kwenda juu. Mwaka 2015 wataalamu walitoa habari za vichuguu 4 walivyovipima umri katika eneo la Lubumbashi: kile cha zamani kupita vyote kilikuwa na miaka zaidi ya 2,000. Mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini, wanaushikanisha punje kwa punje. Ndiyo maana udongo wa kichuguu unanata kuliko ule wa kandokando, na tofali lake ni gumu. Sisi tunakijua kichuguu kwa sababu ya inswa tunazokula na bukari. Kumbe ni ghala ya wajenzi.

Nikakaa kivulini, nikamwelezea mtoto habari za majumba mawili yanayosifiwa ulimwenguni kote.

La kwanza liko Harare, katika Zimbabwe. Linaitwa Eastgate, lilifunguliwa mwaka 1996, na mchoraji wake ni Mick Pearce. Ni jumba kubwa la ofisi na maduka, lakini halipozwi kwa mashine kubwa kama majumba mengine ya namna ile. Pearce aliwaza juu ya kichuguu, namna kinavyopitisha hewa. Harare iko juu kama kwetu, na usiku wake ni wa baridi. Basi usiku hewa baridi inapitishwa chini ya sakafu, saruji nzito inapoa. Mchana hewa inayoingia inapita penye ubaridi ule, halafu ile yenye joto inapanda na kutokea katika mabomba juu ya paa. Baadaye wataalamu walionyesha kwamba kichuguu chenyewe hakipumui sawasawa na alivyofikiri. Haizuru! Jumba linafanya kazi.

La pili ni shule ya kijiji cha Gando, katika Burkina Faso. Francis Kéré, mtoto wa kijiji kile, alikwenda Ujeremani, akasomea ujenzi, akarudi kujengea watoto wa kwao. Watu walishangaa: ametoka Ulaya, na anataka kujenga na udongo! Lakini alichanganya udongo na simenti kidogo, akafanya matofali yasiyochomwa. Juu ya madarasa akaweka dari ya matofali yenye matundu, na mabati akayainua mbali juu ya dari. Hewa ya moto inatoka katikati yake, na watoto hawaungui. Wanakijiji wenyewe walijenga, wababa na wamama. Shule ilimalizika mwaka 2001, ikapata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, ile inayopita zote katika kazi ya ujenzi. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Mtoto alinyamaza kidogo, akauliza: "Sasa Papa, ni nini inafanya nyumba yetu ya mabati inakuwa kama tanuru?"

Hapo ndipo penye jambo. Mara nyingi ukuta hauna kosa. Tunapigilia mabati karibu kabisa na kichwa cha mtu, tunaziba kila tundu, halafu tunalaumu udongo. Wewe baba unayejenga, fikiri haya. Acha nafasi kati ya dari na mabati, na matundu yenye waya kwa ajili ya mbu. Weka madirisha yanayotazamana, hewa ipite. Upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini au kusini, usipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Ukingo wa mabati utoke nje ya kutosha, mvua isile ukuta. Na msingi, huo ndio wa kutilia simenti.

Lakini nisifiche neno moja. Karibu na tanuru la mzee niliona magogo mengi. Kila tanuru linakula miti, na pori linazidi kwenda mbali na sisi. Wamama wanaotafuta vinkubala wanajua wanatembea kiasi gani. Nilimwuliza mzee kama amekwisha kujaribu matofali ya kushindiliwa yenye simenti kidogo, bila moto, kama yale ya Gando. Akasema: "Lete mashine, nitajaribu."

Tulirudi mji jioni. Mtoto alifanya hesabu njiani: msingi wa simenti, kuta za udongo wa kichuguu, na feza inayobaki kwa mabati na dari. Ameagiza kwanza matofali ya chumba kimoja. Mwezi wa kumi na moja mvua itaanza, nayo itatuambia kama tumejenga vizuri. Mwezi wa kumi ujao, jua nalo litasema.

Basi msomaji, ukipita karibu na kichuguu, usikitemee mate. Pengine ni nyumba ya mtoto wako inayokungoja.