Mbwa Akistaafu, Deni Lako Halijastaafu

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenieleza kwamba umepangiwa kikosi cha mbwa na umekabidhiwa mbwa wako wa kwanza. Ameniambia pia kuwa wapo jamaa wanaokubeza, eti umesoma kote huko ili ukashike kamba ya mbwa. Waache waseme. Kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu, na heshima niliyo nayo leo, nyingi nilipewa na mbwa mmoja, Chui.

Wakikutajia najisi ya mbwa, wewe jitwaharishe kama sheria inavyotaka, kisha uswali. Wakumbushe nao kwamba Kurani, katika Al-Maida, imeruhusu windo la mnyama aliyefundishwa, na katika Al-Kahf imemtaja mbwa wa watu wa pangoni.

Chui alikuwa mbwa wa kunusa. Hakujua kwamba bangi ni kosa wala baruti ni mauti. Alijua kwamba akiipata harufu aliyofundishwa, akakaa chini, mimi nitatoa mpira tucheze. Kwa ujira huo alipanda malori na kupenya kati ya magunia kwenye jua la mchana. Basi la kwanza ni hili: mbwa anayetweta hanusi vizuri, kwa hiyo mtafutie wako maji na kivuli kabla hujajitafutia chai. Akichoka mpumzishe, hata kama afande ana haraka.

La pili ni zito zaidi. Mbwa hasemi uongo, lakini anaweza kusemeshwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na askari 18 na mbwa wao. Askari waliambiwa kwamba penye karatasi nyekundu pamefichwa harufu. Hapakufichwa kitu popote, na bado taarifa za mbwa kupata harufu zilimiminika, hasa penye zile karatasi. Mbwa anausoma mwili wako: ukisita mbele ya begi la mtu uliyekwisha kumshuku, naye atasita. Raia asiye na hatia anaweza kulala mahabusu kwa hatua yako moja iliyopungua mwendo. Ingia kwenye upekuzi ukiwa hujamhukumu mtu, umwachie mbwa atangulie.

La tatu ni uzee wake. Usiku wa tarehe 5 Oktoba 2016, mjini Stevenage, Uingereza, mbwa wa polisi aitwaye Finn alichomwa kisu kifuani na kichwani wakati yeye na askari wake, Dave Wardell, wakimfukuza mshukiwa. Alipasuliwa, akapona, akarudi kazini, na mwaka 2017 akastaafu. Wardell naye alijeruhiwa usiku ule. Mbele ya sheria, jeraha lake lilikuwa shambulio la mwili, ila majeraha ya Finn yalihesabiwa kuwa uharibifu wa mali. Wardell hakukubali mwenzake awekwe fungu moja na dirisha lililovunjwa. Alipigania jambo hilo mpaka mwaka 2019 ikapitishwa sheria ambayo watu huiita Sheria ya Finn. Tangu hapo, huko England na Wales, anayemdhuru mnyama wa kazi aliye chini ya askari hawezi tena kudai kwamba alikuwa akijihami. Finn alikufa mwaka 2023, akiwa amekula uzee wake nyumbani kwa Wardell.

Wardell ndiye ninayetaka umwige. Mbwa hana pensheni wala chama cha kumtetea. Ana wewe tu. Mbwa wakubwa kama Finn husumbuliwa sana na nyonga wanapozeeka, basi tangu sasa usimrushe kutoka juu ya gari bila sababu, wala usimwache anenepe. Siku yake ya kustaafu ikikaribia, omba mapema, kwa maandishi, kama utaratibu unaruhusu umchukue. Chui nilimchukua. Alipokuwa hawezi tena kukimbia, bado nilimfichia mpira uani autafute, kwa sababu mbwa aliyezoea kazi hunyong'onyea akikosa la kufanya.

Mwisho, weka daftari lake kuanzia wiki hii. Andika alichopata na alipokipata, na pale alipokosea andika vilevile. Mbwa asiyeandikiwa husahauliwa pindi askari wake akihamishwa, na anayesifiwa kwa chuku hamfundishi kitu askari anayekuja nyuma yako. Ukija likizo, uje nalo tulisome pamoja.

Nisalimie mama yako.

Mjomba wako