Mkoba wa sindano za mama mkwe

Lile kopo la bluu la biskuti lilikaa juu ya kabati wiki tatu, na wiki zote hizo mama mkwe hakushika uzi.

Biskuti zenyewe ziliisha zamani, kama ilivyo katika nyumba nyingi zenye kopo la namna hiyo. Ndani kulikuwa na sindano za kufumia zenye ncha ya ndoano, mikasi miwili, tepu ya kupimia, madonge ya uzi na sindano ndogo saba za kumalizia vitambaa. Moja ya hizo ndogo ndiyo iliyomchoma mjukuu wa miaka miwili unyayoni, jioni moja sebuleni. Zahanati waliitoa, mtoto akalia hadi akasinzia. Baba yake hakugomba. Alilipandisha kopo juu ya kabati, akasema, "Mama, tulifiche kidogo, mpaka huyu akue."

Mpaka akue ni miaka mingapi? Mama hakuuliza. Alikuwa amekuja Mbagala kutoka Korogwe kutibiwa macho, na vitambaa vya makochi alivyofuma ndivyo vilivyompa senti zake mwenyewe, za vocha na za kuweka sadaka, asizolazimika kuomba kwa mtu. Sasa alikuwa analala mchana kutwa.

Mkamwana wake, ambaye hushona sare za shule nyumbani, aliliona hilo kabla ya mumewe. Hakumlaumu mume, mtoto alikuwa amechomwa kweli. Ila aliona kosa ni la kopo. Kopo halina vyumba. Anayetafuta sindano moja humwaga vyote mapajani, na mwenye macho hafifu hawezi kujua iliyoanguka imeangukia wapi.

"Shikamoo mama. Naomba ile khanga yako ya zamani."

"Marahaba mwanangu. Chukua. Lakini pindo usilitupe."

Nguo ya nje ilikuwa kitenge kizito kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Khanga ikawa bitana na mifuko, pindo likakaa kwenye midomo ya mifuko. Katikati aliweka kipande cha blanketi ili mkoba usilegee. Wa kwanza uliharibika. Alipima upana wa kila mfuko kwa kuilaza sindano juu ya kitambaa, akasahau kwamba sindano ni ya mviringo na kitambaa lazima kiizunguke. Hata nyembamba haikuingia. Alifumua mishono yote usiku uleule, na kufumua ni kazi kuliko kushona, fundi yeyote atasema hivyo. Mara ya pili aliizungushia tepu kila sindano, akaongeza kidogo, akachora mistari kwa chaki ndipo akashona.

Mfuko wa mikasi aliushona kwa jinsi kuukuu, mikunjo miwili, maana ncha hutoboa khanga. Juu akaacha ulimi mrefu wa kitambaa unaofunika midomo yote ya mifuko kabla mkoba haujakunjwa kama mkeka na kufungwa kamba.

Kazi iliyomchukua muda zaidi ilikuwa ya mkono. Kwenye kipande cheupe cha blanketi alifunga mafundo saba ya uzi mnene mwekundu, kila sindano ndogo na fundo lake. Mama hahitaji kuona. Anapitisha kidole gumba, anahesabu.

Mume alipoonyeshwa, hakusema kitu. Aliukunja mkoba, akaufunga, akaugeuza juu chini, akautikisa juu ya mkeka. Akasikiliza. Kisha akaenda kulishusha kopo mwenyewe.

Tangu hapo, kila jioni kabla ya chakula, bibi huhesabu kwa sauti. Wiki iliyopita alifika sita akanyamaza. Mtoto akapandishwa kitandani, taa zote zikawashwa, mikeka ikainuliwa, baba mtu akapiga magoti na tochi ya simu chini ya makochi. Ya saba ilikuwa mapajani pa bibi mwenyewe, imechomekwa kwenye kitambaa alichokuwa anakimalizia.

"Saba," akasema, akaufunga mkoba, akauliza kama wali umeiva.